Watoro wa Ribe

Kwenye kitabu cha historia tulichotumia sekondari hapa Kenya, Ribe haipati zaidi ya sentensi mbili. Misheni ya Wamethodisti, mwaka 1862, Thomas Wakefield. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapewa alama yako, unaendelea na swali la reli. Mimi nilipata hiyo alama. Baadaye nilipoanza kutafuta habari za kusoma na vijana wa kikundi chetu hapa Kakuma, nikaifuatilia ile sentensi mpaka nikaona kwamba watu wengi waliojaza kanisa lile hawamo ndani yake. Walikuwa watu waliotoroka. Kwa lugha ya makaratasi yetu ya leo tungewaita wakimbizi. Wakati ule waliitwa watoro.

Hilo neno tunalijua sote, lakini kwa maana ndogo. Hapa kambini mtoro ni yule mtoto ambaye mwalimu amempigia alama ya kutokuwepo siku tatu mfululizo, halafu natumwa mimi nikamtafute sokoni au kwenye laga. Pwani ya karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Kwa sheria ya pale alikuwa mali ya mtu, kwa hiyo ukiangalia vizuri, kosa lake lilikuwa kujiiba mwenyewe.

Ribe iko kaunti ya Kilifi. Ukitoka Mombasa unafuata barabara ya Nairobi mpaka Mazeras, unakata kulia kuelekea Kaloleni, unapita Rabai, halafu unaingia ndani kidogo. Mimi sijafika. Kutoka Kakuma ni mbali sana, na pasi ya kusafiri haitolewi kwa mtu anayetaka kwenda kutazama kanisa la zamani. Wenyeji ni Waribe, moja ya makabila tisa ya Mijikenda. Kabla ya kanisa kulikuwa na kaya, yaani makao ya wazee ndani ya msitu, na msitu huo bado upo. Mwaka 2008 UNESCO iliuweka pamoja na kaya nyingine za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia. Naanza na hilo ili ieleweke kwamba wamisionari hawakukuta mahali patupu. Walikuwa wageni, wakapewa pa kukaa na wenye ardhi.

Jinsi walivyofika nitaieleza haraka, maana hiyo ndiyo sehemu inayojulikana. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na misheni ya Kianglikana ya CMS. Mke wake na mtoto wao mchanga walikufa mwaka huohuo. Akajenga Rabai na mwenzake Rebmann, akarudi Ulaya akiwa mgonjwa, akaandika kitabu kuhusu safari zake. Kitabu kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1860 kilisomwa na Charles Cheetham, Mmethodisti wa kaskazini ya Uingereza. Kanisa lake liliitwa United Methodist Free Churches, na lilikuwa bado changa. Wakamwomba Krapf awaongoze. Akaja na vijana wanne, Waingereza wawili na Waswisi wawili. Mwaka 1862 wakaanza Ribe, na kabla mwaka haujaisha, kwa ugonjwa na sababu nyingine, wote walikuwa wameondoka isipokuwa mmoja tu, Thomas Wakefield. Mwaka uliofuata akaletewa mwenzake, Charles New.

Hapa niweke neno dogo kwa wenzangu wa Fizi na Uvira ambao wamelelewa Méthodiste Libre kama mimi. Hilo "huru" la kwetu si "huru" la Ribe. La kwetu lilianza Marekani, jimbo la New York, mwaka 1860. Walitaka viti vya kanisa viwe bure, maana matajiri walikuwa wanavikodi, na walitaka watumwa waachiliwe. Kwetu lilifika kupitia Burundi, ambako lilianza mwaka 1935. Wale wa Ribe walijiita huru kwa sababu walikataa kuendeshwa na mkutano mkuu wa wachungaji kule Uingereza. Babu wa wote ni John Wesley, na Wesley alishaandika kitabu cha kuupinga utumwa mwaka 1774. Kwa hiyo jambo ninalolieleza hapa halikuwa geni kwa Wamethodisti. Lilikuwa kwenye vitabu vyao miaka karibu 90 kabla ya Ribe.

Ila hawakuja kwa ajili ya watumwa. Hiki ndicho kitu nilichokiona cha ajabu. Krapf alikuwa na ndoto ya Waoromo, ambao wazungu wa siku zile waliwaita kwa jina ambalo majirani zetu Waoromo hapa kambini hawataki kulisikia. Aliamini kwamba Waoromo wakiingia dini, Afrika ya Mashariki yote itafuata. Ribe ilikuwa kituo tu cha kupumzikia njiani kuwafuata. Waribe wenyewe nao walikuwa na dini yao na kaya yao, na hawakuwa na haraka ya kubadilisha. Miaka kumi ya kwanza waliobatizwa walikuwa wachache mno. New alisafiri, akapanda Kilimanjaro mpaka kwenye theluji mwaka 1871, akafa mwaka 1875 akirudi kutoka safari nyingine ya Uchaga. Rebecca, mke wa Wakefield, alikuja mwaka 1870 na mwaka 1873 akazikwa. Ukisoma habari za miaka ile unaona makaburi yanaongezeka kuliko washirika.

Halafu watu wakaanza kuja wenyewe.

Ili kuelewa walitoka wapi, tazama mashamba ya Malindi, Takaungu na pembeni mwa Mombasa. Kuanzia miaka ya 1860 Malindi ilikuwa inatoa mtama na ufuta kwa wingi, unapakiwa majahazini kupelekwa ng'ambo. Kazi ilifanywa na watumwa, kila mmoja akipimiwa ngwe yake ya kulima. Wengi wao hawakuwa watu wa pwani. Waliletwa kutoka kusini, pande za ziwa Nyasa na Msumbiji, na lugha waliyobaki nayo wote pamoja ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyekuwa na mamlaka juu ya pwani ile, alisainishwa na Waingereza mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1876 akapiga marufuku na misafara ya nchi kavu. Lakini sikiliza vizuri, kilichokatazwa ni kuuza na kusafirisha. Kumiliki hakukukatazwa. Mtumwa aliyekuwa shambani Malindi aliamka kesho yake akiwa mtumwa vilevile, na bwana wake sasa alikuwa na sababu zaidi ya kumshika kwa nguvu, maana kupata mwingine kumekuwa kugumu.

Kwa hiyo kulikuwa na aina mbili za watu. Wa kwanza ni mateka: hao walikamatwa na manowari za Waingereza ndani ya majahazi baharini, wakashushwa wakiwa huru kisheria na kupewa misheni walelewe. Kwa ajili yao CMS ilifungua Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Wa pili ni watoro, waliotembea usiku kwa miguu yao. Mateka alikuwa na karatasi na mtoro hakuwa nayo. Shida ilikuwa moja, pengine hata shamba lilikuwa moja, lakini mmoja aliokolewa na mtu mwenye mamlaka na mwingine alijiokoa, na sheria ilimpenda yule wa kwanza. Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa, sidhani kama nahitaji kuwaeleza zaidi.

Watoro walikwenda wapi? Wengine walijenga vijiji vyao wenyewe porini, kama Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama, na kuvilinda. Wengine walikwenda Rabai kwa CMS. Wengine walikuja Ribe na Jomvu kwa Wamethodisti. Sababu unaweza kuifikiria mwenyewe: kulikuwa na ardhi ya kulima, kulikuwa na mzungu ambaye bwana angeogopa kumvamia, na kulikuwa na watu wengine waliotoroka kabla yako ambao watakuonyesha pa kulala. Nadhani hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na nguvu. Hapa kwetu pia, mtu akishuka kwenye basi usiku haulizi ofisi iko wapi. Anauliza Wabembe wanakaa bloku gani.

Misheni ilikuwa kwenye kona mbaya. Balozi wa Uingereza Zanzibar alikuwa anawaonya wamisionari wasifiche mali za watu, kwa sababu wenye mashamba wangeweza kuwasha moto pwani nzima, na mwaka 1880 Freretown ilikaribia kuvamiwa kwa sababu hiyohiyo. Wenye mashamba walijua watu wao wako wapi. Walikuwa wanakuja kudai. Na Biblia yenyewe ina ile barua ya Paulo kwa Filemoni, ambamo Onesimo anarudishwa kwa bwana wake. Kwenye kikundi chetu tulibishana juu ya barua hiyo Jumamosi mbili. Wako waliosema Paulo alimrudisha kama ndugu, si kama mtumwa. Dada mmoja akasema ni sawa, lakini aliyetembea ile njia ya kurudi ni Onesimo, siyo Paulo.

Ribe wengi walibaki. Si kwamba wazungu walikuwa mashujaa. Mara nyingi kituoni walikuwa mmoja au wawili, wagonjwa wa homa, na hata kama wangetaka kuwafukuza mamia ya watu, wangewafukuza na nani? Watoro walikuwa wameshajenga, wameshalima, wameshaoana. Walikuwa wameshakuwa ndio kijiji. Maisha ya misheni yalikuwa na masharti: kengele, shule, ibada, mke mmoja, tembo hapana, ngoma za usiku hapana. Na kukaa kwenye ardhi ya misheni hakukumaanisha wewe ni mshirika. Utaratibu wa Wamethodisti wa zamani ulikuwa wa vikundi vidogo vinavyoitwa madarasa, kila darasa na kiongozi wake, mnakutana kila wiki. Mgeni aliandikwa kwanza kama mtu wa majaribio. Mshirika kamili alipewa tiketi yenye jina lake, ikibadilishwa kila miezi mitatu. Huwa nafikiria mtu ambaye jina lake lilikuwa linasemwa tu pale mabwana wanapohesabu mali, halafu siku moja anashika kipande cha karatasi ambacho jina lake liko juu yake kwa sababu amesimama na kulitaja mwenyewe.

Pia hawakuhudumiwa na wazungu peke yao. Miaka ya 1880 Wamethodisti walikuwa na mchungaji mweusi kutoka Sierra Leone, W. H. During. Sierra Leone ni nchi ambayo mji wake mkuu, Freetown, ulijengwa na watu waliotoka utumwani. Natamani tungekuwa na hotuba zake. Mtu kutoka mji kama huo, amesimama mbele ya watoro, naamini hakuhitaji kutafuta mfano wa mbali.

Ile ndoto ya Krapf nayo ilifika ilipofika. Wamethodisti walifungua kituo Golbanti, kwenye mto Tana, kati ya Waoromo. Mwezi wa tano mwaka 1886 wavamizi wa Kimaasai walikishambulia, wakamuua John Houghton, mke wake Annie, na baadhi ya washirika. Majina ya Houghton na mkewe utayapata kwenye kila kitabu.

Sasa tufike mwaka 1888, kwa sababu ndio mwaka wa makaratasi. Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki, IBEA, ilikuwa imekodi pwani kutoka kwa Sultani na kupata kibali cha Malkia mwezi wa tisa. Mwakilishi wake, George Mackenzie, alipofika Mombasa alikuta wenye mashamba wamekasirika. Walitaka watu wao. Kampuni ilitaka biashara, na biashara isingeweza kuanza na vita. Wakahesabu watoro waliokuwa kwenye misheni zote, Rabai, Ribe, Jomvu na kwingine: zaidi ya 1,400. Mackenzie akapatana na wenye mali walipwe dola 25 kwa kila kichwa. Kampuni, serikali ya Uingereza na misheni zenyewe zikachanga. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, watu wakapewa hati za uhuru.

Ilikuwa furaha kubwa na sitaki kuipunguza. Mtu aliyelala miaka kumi akisikiliza mlango, siku ile alilala. Lakini ona pesa zilikwenda wapi. Zilikwenda kwa bwana. Aliyelimishwa bure miaka yote hakupata hata senti, na aliyemlimisha akalipwa kwa usumbufu. Hati ile ilisema wewe ni huru, na kwa chini, bila kuandikwa, ilisema pia kwamba zamani ulikuwa kweli mali ya mtu, ndiyo maana tumemlipa.

Na kulikuwa na sharti. Kuanzia hapo misheni zilitakiwa zisipokee watoro wengine. Orodha imefungwa. Niliposoma sehemu hii na vijana, msichana wa miaka kama 16, ambaye mwenyewe alifika baada ya ndugu zake wote kuandikishwa, aliuliza swali moja tu: "Na aliyefika tarehe 2 Januari?"

Jibu ni kwamba walifika. Watu hawaachi kukimbia kwa sababu orodha imefungwa. Wengine walirudishwa, wengine walipita misheni kimya wakaenda kwenye vijiji vya porini. Mwaka 1890 Kapteni Lugard, yuleyule ambaye baadaye anatajwa Uganda na Nigeria, alipitia kwenye vijiji hivyo na kutengeneza mpango kwamba watoro wafanye kazi kwa kampuni na wajinunue wenyewe kwa mshahara wao. Kwa hiyo waliotangulia walilipiwa na waliochelewa wajilipie, ingawa walitoroka kitu kilekile. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907, na hata hapo utaratibu uliwekwa wa kuwalipa wenye watumwa.

Kati ya tarehe hizo kulikuwa na njaa kubwa mwisho wa miaka ya 1890, ambayo Mijikenda wanaiita Magunia, kwa sababu ya magunia ya chakula cha msaada. Naiandika kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba kupanga mstari mbele ya gunia ni jambo lililoanza juzi.

Kanisa liliendelea. Watoro na Waribe walioana, watoto wao wakasoma pamoja, ingawa pwani watu wa asili hiyo waliendelea kuitwa Wamisheni kwa muda mrefu, kama kabila jipya. Mwaka 1912 Wamethodisti walikwenda kuanza Meru, na leo Meru ndiyo nguzo yao kubwa Kenya. Mwaka 1967 kanisa likajitegemea kutoka Uingereza. Ukihudhuria ibada ya kanisa hilo popote Kenya, mlolongo wake unarudi Ribe.

Nimesoma tena nilichoandika na nikahesabu. Krapf, Rebmann, Cheetham, Wakefield, New, Rebecca, Houghton, Annie, Mackenzie, Lugard: wote wana majina, wengi na mwaka wa kifo. Watoro wana tarakimu, "zaidi ya 1,400". Sikupanga iwe hivyo, ndivyo historia ilivyoandikwa, maana waliokuwa wakiandika barua kwenda Uingereza walikuwa wale. Barua ikieleza mavuno ya roho ilitaja hesabu. Ikieleza msiba ilitaja jina.

Juu ya hiyo, kikundi chetu kimenunua daftari moja kubwa, lile la kurasa 200 lenye jalada gumu. Tunaandika washirika wa kanisa letu la hapa tangu wale wa kwanza waliosali chini ya mti kabla ya mabati. Tunaandika jina, kijiji alichotoka, mwaka aliofika, kazi aliyofanya kanisani, hata kama ilikuwa kuchota maji ya ubatizo. Tunawaandika walioondoka kwenda Marekani na Australia, waliorudi nyumbani, na tuliowazika. Hatuulizi kadi. Aliye kwenye manifesti na asiye kwenye manifesti wote wanaingia ukurasa mmoja, kwa mpangilio wa alfabeti. Tumefika majina 212, na herufi M ndiyo inatusumbua, tumeiongezea kurasa mara mbili. Wazee na akina mama mliofika mapema, tunawahitaji sana kabla kumbukumbu haijapotea. Tuko kanisani kila Jumamosi kuanzia saa tisa. Aliye na picha ya zamani aje nayo, tutaiangalia pamoja na ataondoka nayo.